Kurudi kwa Kipanga

Alfajiri, katika ufukwe wa Kibirizi ulio kaskazini ya mji wa Kigoma, mitumbwi hurudi na taa zake zikififia. Usiku kucha taa hizo zimewavuta dagaa kutoka katika maji ya Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo kina chake kinakaribia mita 1,470 na ambalo duniani kote hushindwa kwa kina na Baikal peke yake. Jua likichomoza, dagaa huanikwa mchangani na juu ya vichanja, na papo hapo hufika wageni wasioalikwa. Mwewe huzunguka juu, mkia wake wenye panda ukipinda huku na huku kama usukani, kisha huteremka, hunyakua, huondoka. Mbali kidogo, juu ya mti mkavu, furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, huitupa shingo yake nyuma na kutoa kilio kisichofanana na cha ndege mwengine. Waanikaji huinua fimbo, hupiga kelele, kisha hurudi kazini. Hapana anayemfuga mwewe wala anayemfunga furukombe. Ni majirani, na ujirani wao una ugomvi ndani yake.

Kwengineko duniani mwanadamu hakutosheka na ujirani wa namna hiyo. Alitaka ndege wa juu ateremke amkalie mkononi. Akabuni fani ya kuwinda kwa kipanga, fani ya kale mno, ambayo leo ina vituo vyake, hospitali zake na hata pasi zake za kusafiria. Mwaka 2010 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya nchi 11, miongoni mwao Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Moroko, Ufaransa na Mongolia. Na nchi nyengine zimejiunga baadaye. Abu Dhabi ina hospitali ya vipanga tangu mwaka 1999, ambamo ndege husubiri zamu zao juu ya vigingi, kila mmoja na kofia yake ya ngozi iliyomfunika macho. Mila hiyo haikushika mizizi katika mwambao wa Waswahili, seuze katika Ziwa Tanganyika. Lakini watu wa visiwani, ambao hapana nyumba isiyokuwa na jamaa Maskati au Dubai, si wageni wa habari zake.

Chukulia, basi, kwamba mtu wa Ujiji, aliyezoea mwewe wa pwani ya ziwa, anafika kwa mara ya kwanza katika kituo kimoja cha vipanga. Anamwona mfugaji amevaa glovu nene ya ngozi. Kofia inavuliwa, kamba za miguuni zinaachiwa, na ndege anapaa mpaka anakuwa nukta. Kwa muda wa dakika kadhaa hapana kitu chochote duniani kinachomzuia kwenda zake. Kisha mfugaji anazungusha hewani chambo cha manyoya kilichofungwa ugwe, na ile nukta inakunja mbawa. Kipanga wa aina ya shahini anapojiachia hivyo huweza kupita kasi ya kilomita 300 kwa saa. Anapiga chambo, anapewa kipande cha nyama, anapanda juu ya glovu. Watazamaji wanashangilia. Mgeni anasema: "Tazama anavyompenda bwana wake." Na mfugaji, akiwa mkweli, atajibu: "Ana njaa."

Katikati ya kauli hizo mbili ndipo lilipokaa suala la makala haya. Aliyekuwa na nafasi ya kuondoka akarudi, je, kurudi kwake ni ushahidi kwamba ameridhika?

Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba mfugaji wa kipanga naye ana mizani yake. Kila siku, kabla ya kumrusha, humpima ndege wake kwa gramu, na gramu chache huamua mambo mengi. Ndege akishiba kupita kiasi, atakaa juu ya mti na kumtazama bwana wake kama amtazamavyo mpita njia. Akikonda kupita kiasi, atadhoofika na huenda akafa. Baina ya shibe na udhaifu upo uzito mmoja ambao kwao ndege ana nguvu za kuruka na haja ya kurudi, na ustadi wote wa fani umejengwa juu ya kuujua uzito huo. Kwa hiyo kamba ya kweli si ile ya ngozi iliyo miguuni, ambayo watazamaji wanaiona. Kamba ya kweli imo tumboni, nayo haionekani.

Hata hivyo si haki kuwahukumu wafugaji kabla ya kuwasikiliza, nao wana hoja nzito. Hoja ya kwanza ni kwamba kipanga hafunziki kwa kipigo. Punda atachapwa akatembea, mbwa atakemewa akalala. Kipanga akidhulumiwa hatasahau, na siku ya kwanza atakayoachiwa itakuwa ya mwisho kuonekana. Mfugaji analazimika kuwa mpole, na upole wa kulazimika, ukirudiwa miaka na miaka, huwa tabia. Hoja ya pili ni kwamba kila anaporushwa anaachwa huru kweli. Na vipanga wengi hupotea, tena mfugaji hana mahali pa kushitaki. Ni mali gani nyengine ambayo mwenyewe huitupa mbinguni kila asubuhi asijue kama itarudi? Hoja ya tatu ni ya historia. Katikati ya karne ya 20 dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT ilizifanya ganda za mayai ya shahini kuwa nyembamba, mayai yakavunjika chini ya mama zao, na katika sehemu kubwa ya Marekani ndege huyo akatoweka. Waliomrudisha walikuwa, kwa kiasi kikubwa, watu wenye ujuzi wa kufuga vipanga. Wao ndio waliojua namna ya kuwazalisha wakiwa kifungoni na namna ya kuwaachia makinda wasiomjua mzazi. Mwaka 1999 shahini akaondolewa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Anayeishutumu kamba ya mfugaji hana budi akumbuke kwamba kamba hiyo imewahi kuokoa.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilifikia suala hili kwa njia yao. Aya ya 4 ya Surat al-Maida imehalalisha kilichokamatwa na wanyama na ndege wa kuwinda waliofunzwa, na ikawabidi mafakihi waeleze ni yupi wa kuitwa amefunzwa. Kwa upande wa mbwa walisema alama yake ni kuizuia njaa yake: amkamate mnyama na asimle. Ama kwa kipanga, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walitaja alama nyengine: ni kurudi anapoitwa. Sababu waliyoitoa inastahili kuzingatiwa. Mafunzo hujulikana pale kiumbe anapoiacha ada yake. Ada ya mbwa ni kunyakua na kula, kwa hiyo akiacha kula amefunzwa. Na ada ya ndege huyu ni kumkimbia mwanadamu, kwa hiyo akimwitika amefunzwa. Wengine, na Mashafii ambao mwambao unafuata madhehebu yao wamo, waliona kwamba ndege pia asile. Lakini pande zote mbili zilikuwa makini katika jambo moja. Zilisema kurudi au kujizuia ni alama ya mafunzo. Hazikusema ni alama ya mapenzi.

Na hapo ndipo mgeni anayeshangilia anapokosea. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumkebehi mchoyo, lakini ukiigeuza upande wa pili inamsema anayelambwa: asijidanganye kwamba unalambwa mkono, kinacholambwa ni kilichomo mkononi. Aliyeishika njaa ya mwenziwe hana haki ya kuutoa utiifu wa mwenziwe kuwa ushahidi wa wema wake mwenyewe. Huenda ni mwema kweli. Lakini ushahidi huo haufai, kwa sababu ungepatikana vilevile hata angekuwa si mwema.

Ujiji ni mahali pazuri pa kulifikiri jambo hili, na ni mahali pagumu. Mji huo, ambao leo ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora. Miembe yake inasimulia habari za wafanyabiashara wa pwani na visiwani waliofika huko kutafuta pembe na watu. Kutoka ng'ambo ya ziwa watu walivushwa wakiwa wamefungwa, kisha wakatembezwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi baharini. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Ujiji imo. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuambiwa njia hiyo iliishia wapi.

Mwanadamu si ndege, na kumfananisha mtumwa na kipanga ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini mabwana wa viumbe wote wawili wamekuwa wakitoa hoja moja, na hoja ndiyo inayolinganishwa hapa, wala si viumbe. Mwezi wa Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ilitolewa amri ya kuiondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfungua mtu moja kwa moja. Ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani akaombe uhuru wake, na ikamtaka aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya bwana, na konde aliyolima ilikuwa ya bwana. Wengi hawakwenda. Na wapo waliosema wakati ule, na wapo waliorithi kauli hiyo: "Mnaona? Mlango uko wazi na hawatoki. Wameridhika."

Mlango ulikuwa wazi kama anga lilivyo wazi kwa kipanga aliyepimwa gramu zake asubuhi. Ukishakishika chakula cha mtu, na paa la mtu, na jina ambalo kwalo hutambuliwa mjini, unaweza kumwachia miguu bila ya hofu. Atarudi. Kurudi kwake hakusemi chochote juu yako ila kwamba ulipima vyema.

Je, basi, hakuna kurudi kunakoshuhudia mapenzi? Kupo, na historia ya Ujiji hiyohiyo inatoa mfano. Walipokutana Livingstone na Stanley mjini hapo mwaka 1871, walikuwepo Susi na Chuma. Chuma alikuwa ameokolewa akiwa mtoto kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hawa wawili pamoja na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa kiasi cha miezi tisa, wakafika nao Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Mkono wa maiti ni mkono mtupu kuliko yote. Haugawi nyama, hauzungushi chambo, hauadhibu anayekimbia. Mwenye kutaka kushuku anaweza kuuliza juu ya ujira waliotarajia kulipwa pwani, na si vibaya auulize. Hata hivyo njia za kuondoka zilikuwa nyingi, na mzigo ulikuwa mzito. Ikiwa ipo mizani ya kupimia mapenzi, ni hii: nani anabaki wakati mkono umekwisha kuwa mtupu. Kipanga hajawahi kupimwa kwa mizani hiyo, kwa sababu mfugaji hathubutu kwenda uwanjani bila ya nyama.

Isidhaniwe kwamba hukumu inayofuata ni kuzikata kamba zote. Karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya kipo kituo kinachopokea tai, tumbusi, vipanga na bundi walioumia. Wamo waliokula mzoga uliotiwa sumu na wafugaji wa ng'ombe waliomkusudia simba. Wamo waliopigwa na umeme wa nyaya au kugongwa na magari. Katika kazi ya kuwaponya ndege wa namna hii hutumika vifaa vilevile vya wawindaji. Kofia ya ngozi, ambayo kwa mtazamaji ni alama ya kifungo, humtuliza ndege aliyejaa hofu, asichokiona hakimtishi. Glovu ni ileile, na kuna hata ugwe mrefu anaofungwa ndege aliyepona bawa, arushwe kidogo kidogo mpaka misuli ikumbuke kazi yake. Ukisimama ukatazama kwa nusu saa, hutaona tofauti baina ya kituo hicho na kile kingine cha mashindano. Tofauti huonekana siku ya mwisho. Hapa mafanikio ni ndege kuondoka asirudi.

Hicho ndicho kipimo, na si kigumu kukieleza ijapokuwa ni kigumu kukitimiza. Hapana haja ya kuuliza kama aliyeshikwa anarudi. La kuulizwa ni kama aliyeshika anaiandaa siku ambayo hatahitajika. Kwa kipimo hicho baadhi ya mila za zamani za uwindaji zinasimama vizuri kuliko zinavyodhaniwa. Mabedui wa Arabuni waliwanasa vipanga wa msimu walipopita katika majira ya kupukutika, wakawinda nao wakati wa baridi, na aghalabu wakawaachia machipuko yalipofika, waende kuzaa. Umoja wa Falme za Kiarabu una mpango wa kuwaachia vipanga ulioanza mwaka 1995, na mpaka sasa zaidi ya 2,000 wamerudishwa porini. Kwa kipimo hichohicho amri ya 1897 inaanguka, kwani iliandika neno uhuru na kuiacha njaa mikononi mwa bwana.

Itaulizwa: na yule ambaye hawezi tena kuondoka? Katika kila kituo cha tiba wamo ndege ambao bawa limekatika au jicho limepofuka. Hao hubaki mpaka mwisho wa maisha yao, huonyeshwa kwa watoto wa skuli, na kwa ajili yao watu hujifunza kwamba bundi si mchawi na tumbusi si uchafu. Je, kuwashika hao ni halali? Ni halali kama inavyokuwa halali kukaa na deni usiloweza kulilipa, ilimradi usilisahau kwamba ni deni. Aliyemvunja bawa ni gari la mwanadamu, ni waya wa mwanadamu, ni sumu ya mwanadamu. Chakula anachopewa kila siku si hisani, ni fidia. Anayemlisha ndege huyo akajiita bwana wake amekosea hesabu. Yeye ndiye mdaiwa.

Sasa ni wakati wa kurudi ziwani. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaana. Dagaa na migebuka walikuwa wamepungua. Idadi ya wavuvi imeongezeka, na maji ya juu yamezidi joto hata yasichanganyike vyema na ya chini yenye rutuba. Kwa kaya ambazo chungu chao hutegemea mtumbwi, miezi mitatu si maneno ya karatasi, na anayeisifu hatua hiyo akiwa mbali na ziwa aisifu kwa adabu. Lakini hapo palitokea jambo ambalo ni kinyume cha kazi ya mwenye glovu. Mfugaji wa kipanga huitawala njaa ya kiumbe mwengine ili apate anachokitaka. Watu wa ziwa walitakiwa waitawale njaa yao wenyewe ili kiumbe mwengine apate kuishi.

Hata kabla ya amri yoyote ziwa lenyewe lilikuwa na mapumziko yake. Katika siku za mbaamwezi taa hazifai kitu, kwani dagaa hawaifuati karabai wakati mbingu nzima imewaka. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, vichanja hubaki vitupu. Mwewe huja, huzunguka mara mbili tatu, hukuta mkono mtupu, huenda zake kutafuta panya na panzi mashambani. Hapana anayemwita msaliti. Hapana anayelia kwamba hakumpenda. Mwezi ukipungua na dagaa wakaanikwa tena, mwewe hurudi, na waanikaji huinua fimbo zao kama kawaida. Hawajamshika kwa njaa yake, kwa hiyo kurudi kwake hakuwadanganyi. Wanajua amefuata dagaa, na wanamjua kwamba ni jirani.